Mbwa Waliochimba Kuelekea Nyaramba

Ogari alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake huko Manga, akipepeta wimbi kwenye ungo, udongo wa kwanza ulipomwangukia mapajani. Akageuka. Mbwa wake alikuwa upande wa kushoto wa nyumba, kichwa kimeshaingia ardhini, mkia juu, miguu ya mbele ikirusha udongo nyuma kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika kazi yoyote ya kulinda. Ogari akatoa udongo kwenye wimbi chembe kwa chembe, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na mwingine wa kuutoa, kisha akamrushia kikuni. Kikuni kilimpata mgongoni. Mbwa akakinusa, akakisogeza kando, akaendelea.

Mbwa huyo aliitwa Kodi. Alifika pale mwenyewe bila kuitwa, siku ambayo askari wa chifu walikuwa wakizunguka vijijini, na tangu afike hakuna siku aliyoonekana ameshiba.

Ogari alilifukia lile shimo. Kesho yake lilikuwa wazi. Akalifukia tena na kulishindilia kwa mawe ya mtoni, na safari hii moyo wake ulikuwa na uchungu kuliko kawaida, kwa sababu ya mahali penyewe.

Kwa Wagusii, mke huzikwa kushoto kwa nyumba yake na mume huzikwa kulia. Msichana aliyekufa kabla ya kuolewa huzikwa nje ya ua, kwa kuwa pale ndani hajapata mahali pake. Bosibori, mkewe Ogari, aliolewa kwa ng'ombe waliohesabiwa mchana kweupe, akavaa ebitinge, zile pete za chuma za miguuni ambazo mwanamke hazivui akiwa na mume. Lakini hakuzikwa kushoto. Mwaka wa ndui lori la serikali lilimpeleka kambi ya karantini kule Nyaramba, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na lori likarudi bila yeye. Chifu Nehemiah alisimama barazani akasema marehemu wote wamezikwa kwa heshima, kila mtu na kaburi lake, kila mtu na sanda yake, na kwamba ni marufuku mwili kutoka Nyaramba kurudi nyumbani. Ogari alikuwa amepeleka sanda yeye mwenyewe, amerikani mpya kutoka dukani kwa Jaffer mjini Kisii. Aliikabidhi mlangoni pa kambi, akageuzwa kama ng'ombe aliyepotea njia.

Basi kushoto kwa nyumba pakabaki patupu. Siku hizi Ogari alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kile kile cha baba yake, na alikuwa na hofu moja tu duniani: kwamba siku yake ikifika atalazwa kulia peke yake, na Bosibori atakaa huko aliko miaka yote akihesabiwa msichana ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwoa. Wakubwa hawasumbuliwi na mambo kama haya. Wao hufa kwenye vitanda vyao na kuzikwa wanapotaka.

Shemeji yake Mokeira, mjane wa kaka yake, aliishi ng'ambo ya ua wa miti. Alikuja siku mawe ya mtoni yalipokutwa yamepangwa vizuri kando ya shimo.

"Shemeji, mbwa anayechimba anatiliwa mavi yake mwenyewe ndani ya shimo," alisema. "Atachukia. Hata wewe ungechukia."

Ogari akafanya hivyo. Kodi akayatoa yale mavi kwa mguu mmoja, taratibu, kama mtu anayesafisha meza ya mwenzake, akachimba. Ogari akamfunga kwenye kigingi. Kodi akachimba kuzunguka kigingi mpaka kikaanguka, akakiburuta hadi shimoni akaendelea na kazi. Ogari akamzidishia chakula, kwa sababu watu husema mbwa huchimba kwa njaa. Akala, akapata nguvu, akachimba mara mbili.

Kisha mashimo yakaanza kutembea. Lilitokea la pili hatua chache kutoka la kwanza, likafuata la tatu, yakatoka uani kwa Ogari, yakapita chini ya ua wa miti, yakaingia kwenye viazi vya Mokeira, yote katika mstari mmoja uliokata mteremko kuelekea upande wa Nyaramba. Mbwa wa jirani wakaja kusaidia. Hawakubweka wala hawakupigana. Walichimba kwa zamu, na aliyechoka alilala kivulini mpaka mwenzake ampishe.

"Sasa viazi vyangu vimekukosea nini?" Mokeira aliuliza.

"Si mimi nachimba."

"Mbwa ni wako. Mtoto akimwaga maziwa ya watu, unauliza mtoto?"

Ogari akashuka mjini Kisii kwa Jaffer. Jaffer alikuwa nyuma ya mizani yake, kofia imekaa upande, akimpimia mtu sukari. Alisikiliza habari za mbwa mpaka mwisho.

"Pilipili, Mzee Ogari," akasema. "Ya kusaga. Mimina kila shimo. Pua ya mbwa haivumilii."

"Huyu wangu anavumilia kila kitu."

"Basi mlete hapa nimwajiri. Vijana wangu hawavumilii hata jua."

Ogari alirudi na pilipili ndani ya karatasi, akaanzia shimo la nyumbani, akamwaga kidogo kidogo katika kila shimo hadi la mwisho, lile la kwenye viazi. Kodi alimfuata nyuma akitazama tu. Ilikuwa saa za alasiri na Mokeira alikuwa karibu, akichuma majani ya kunde. Pilipili ilipoingia shimo la mwisho, shimo likapiga chafya.

"Afya," Mokeira akasema, bila kuinua kichwa.

Ogari alisimama na karatasi mkononi. Chafya ile aliijua. Ilikuwa fupi, kavu, na baada yake hufuata manung'uniko. Manung'uniko yakafuata.

"Nani anamwaga pilipili?"

"Ni mimi, Mama Persis," Ogari akajibu, maana Persis ndiye binti yao.

"Nilipokuwa hai ulikuwa ukiificha pilipili juu ya dari. Leo unaimwaga chini."

"Nilidhani ni mbwa. Uko wapi?"

"Nimepita Ikonge. Nasikia soko juu yangu, mtu anagombana juu ya kuku." Kucha zikasikika zikikwaruza udongo. "Mwambie huyo mbwa asilegee. Huku kwangu udongo ni mgumu, na mikono ndiyo jembe."

Mokeira akasogea, akainama juu ya shimo, akamsalimu mke mwenzake wa ukoo. Wakaulizana habari za nyumbani. Mokeira akamweleza nani kaolewa na nani kanuna. Mwishoni akasema viazi si kitu, vitaoteshwa vingine.

Tangu siku hiyo Ogari hakufukia tena. Kazi yake ikawa kusonga obokima, ugali wa wimbi, na kuwagawia mbwa kabla yeye hajala. Kila jioni alitembea kwenye mstari wa mashimo akiita, na Bosibori alijibu kutoka mahali alipofika. Ndivyo Ogari alivyopata habari za Nyaramba. Hakukuwa na kaburi la mtu mmoja mmoja. Kulikuwa na mtaro mmoja nyuma ya soko, na ndani yake waliwapanga kichwa kwa miguu kama ndizi za kupelekwa sokoni, chokaa juu, na hakuna aliyeomba dua.

"Na sanda?" Ogari aliuliza.

"Sanda gani?"

Ogari akaenda akakaa kwenye kigoda, akakohoa kikohozi cha baba yake kwa muda mrefu.

Habari za mashimo zikamfikia Chifu Nehemiah. Miaka ile serikali ilikuwa imewalazimisha watu wote kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na asiyechimba alipigwa faini. Chifu akaona kuwa mashimo yasiyo na amri ni dharau kwa mitaro yenye amri. Barazani akasimama, akajipanguza kola.

"Kodi," akasema kwa sauti kuu, kisha akaeleza kwa sauti ndogo ni mbwa wa nani na amefanya nini, kisha akamaliza kwa sauti kuu tena, "mwisho wake umefika!"

Watu wa nyuma, waliosikia mwanzo na mwisho tu, walipiga makofi wakasimama. Mzee mmoja akamshukuru Mungu kwa machozi. Ilichukua muda kuwatuliza.

Chifu akaja kwa Ogari na polisi wake mmoja, askari kanga aliyeitwa Manasseh, mwenye bunduki. Manasseh alikuwa kijana wa huko huko Manga, mkimya, mama yake alichukuliwa na lile lile lori la ndui.

"Mzee Ogari, toa mbwa," Chifu akasema.

"Mbwa ni huyo, Chifu. Yuko kazini."

"Unajua sheria ya udongo?"

"Naijua. Imenichimbisha shamba la watu mwaka mzima na langu likaota magugu."

"Mdomo huo ndio umekuweka kwenye umaskini."

"Umaskini nilikuwa nao hata nilipokuwa nimenyamaza, Chifu."

Manasseh alikuwa anaweka risasi wakati gari la Bwana Shamba liliposimama barabarani. Bwana Shamba alikuwa Mzungu mrefu mwenye soksi ndefu, aliyezunguka milimani akikagua mitaro na kukasirika. Alishuka, akapita katikati yao bila kusalimu, akapiga goti kwenye mstari wa mashimo ambayo sasa yalikuwa yameungana. Akatoa pima maji. Akaitazama, akasogea, akaitazama tena. Mstari ulikuwa umekata mteremko bila kupanda wala kushuka hata unene wa kidole.

"Nani nachimba hii?"

"Mbwa, Bwana," Ogari akasema.

"Mbwa gani?"

"Hao, Bwana."

Bwana Shamba akawaangalia mbwa. Mmoja alimpisha mwenzake, akaenda kulala kivulini.

"Kazi mzuri. Mzuri sana. Nehemiah, kwa nini watu yako hapana chimba kama hii?"

Chifu akainyosha kofia kichwani. "Ni mimi niliwafundisha, Bwana," akasema, na hakufafanua ni watu au ni mbwa.

Bosibori akakohoa chini ya ardhi. Bwana Shamba akainama. "Nani iko ndani?"

"Bibi yangu, Bwana. Anatoka Nyaramba."

"Ambia yeye chunga ukuta, iko laini." Akasimama, akapangusa magoti. "Hii mtaro hapana gusa. Hawa mbwa hapana gusa. Nehemiah, weka askari hapa."

Basi Manasseh, aliyeletwa kuwaua, akabaki kuwalinda. Kufikia Ijumaa alikuwa akiwachotea maji mtoni kwa ndoo ya serikali, bunduki imetundikwa kwenye mti wa parachichi wa Mokeira. Ogari alipompelekea uji alimkuta ameweka sikio kwenye udongo.

Bosibori alifika siku ya soko, mchana, jua likiwa utosini. Kwanza zilisikika ebitinge zikigongana, karibu sana. Mbwa wote wakaacha kuchimba wakakaa. Mkono ukatoka katika shimo la kwanza kabisa, lile la kushoto kwa nyumba, ukapapasa, ukashika kigingi. Ogari akaushika. Ulikuwa mwepesi na wenye baridi, mwekundu kwa udongo, kucha zimeisha. Akamvuta polepole kama mtu anayeng'oa muhogo ambao hataki uvunjike.

Alitoka akiwa hana kitu mwilini ila udongo na zile pete. Mokeira alikuwa tayari na shuka lake la ndani, akamfunika kabla wanaume hawajafika. Bosibori akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa, maji yakapita. Akatazama uani.

"Baba Persis, hapa hapafagiwi?"

"Panafagiwa."

"Na nini? Na macho?"

Akaingia ndani, akashika chungu kimoja kimoja, akatoka akitikisa kichwa. Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Walimsalimu, naye akawajibu kwa majina na kuwapa pole za misiba iliyotokea akiwa hayupo. Kisha akaongea kwa sauti ya kawaida, ambayo iliwafikia wote.

"Nasikia nililetewa sanda. Iko wapi?"

Mokeira akanyosha mdomo kuelekea juu ya mlima, kwenye nyumba ya Chifu, nyumba ya bati yenye madirisha mengi. Kila dirisha lilikuwa na pazia la amerikani nyeupe. Mapazia yale kila mtu aliyafahamu tangu mwaka wa ndui. Walikuwa wakiyapita kwenda na kurudi, na mtu akiulizwa ni nguo gani ile, alisema ni pazia.

"Zinatosha," Bosibori akasema baada ya kuhesabu kwa macho. "Tulikuwa wengi."

Ogari akamvuta kando, chini ya paa, mahali walipozoea kugombania mambo ya nyumba.

"Kaa basi," akamwambia. "Umeshafika. Kaa tu."

"Nitakaa, lakini hapo kushoto." Akamgusa kifua pale kikohozi kinapotokea. "Nimekufa, Baba Persis. Nimechoka. Sikutembea njia yote hiyo kuja kusugua masufuria yako."

Ogari akakubali. Alikuwa amemjua miaka mingi, hakumshinda hata siku moja.

Persis akaitwa kutoka kwa mumewe, akaja analia kwa sauti tangu barabarani kama inavyotakiwa. Wanawake wakampaka mama yake samli. Mokeira akatoa sanduku lake, na sandukuni amerikani aliyokuwa amejiwekea mwenyewe kwa siku yake, akasema siku yake bado inatafuta njia. Kodi akalirudia shimo la kwanza akalichimba kwa urefu wa mtu, pembe nne, na wanaume walishuka na majembe kulainisha tu kuta. Mpiga obokano akaja na ala yake ya nyuzi, akakaa kwenye gogo.

Ndipo Chifu Nehemiah akafika, kofia kichwani, fimbo kwapani.

"Simamisheni!" akasema. "Ni marufuku kuhamisha mwili wa Nyaramba. Amri haijafutwa."

"Hakuna aliyemhamisha, Chifu," Ogari akasema. "Amekuja kwa miguu yake."

"Manasseh! Shika huyu mzee!"

Manasseh alitoka chini ya mparachichi. Alimpita Chifu, akampita Ogari, akasimama mbele ya Bosibori aliyekuwa ameshalala kwenye mkeka, ameshafungwa sanda hadi kifuani. Akavua kofia yake ya serikali.

"Mama," akasema, "huko ulikokuwa, umemwona mama yangu? Bitutu. Anachechemea kidogo."

Bosibori akafungua jicho moja. "Bitutu yuko nyuma yangu. Niliwaambia wote wafuate mtaro. Anakuja polepole kwa sababu ya lile goti. Nenda nyumbani, kijana, ukaanze upande wako."

Manasseh akashukuru. Akamwomba mtu jembe, akaenda, na bunduki ya serikali ilibaki mtini na kuku wa Mokeira wakailalia. Chifu akatazama kulia na kushoto atafute mtu mwingine wa kumwamuru. Kila aliyemtazama alikuwa anahesabu kimya kimya nani wake alichukuliwa na lori, na mama huyo au kaka huyo alale upande gani wa nyumba.

Wakamzika Bosibori. Alijinyosha mwenyewe, akageuza uso upande wa nyumba, akamwambia Ogari asisahau kufagia, akafunga macho. Obokano ikalia. Wanawake walioanza kwa kulia walimaliza kwa kuimba, ardhi ya Manga ikatikisika kwa miguu yao, na Ogari, ambaye hakuwa amecheza tangu siku ya harusi yake, alicheza mpaka kikohozi kikamwacha kikaenda kupumzika. Alicheza mbele ya Chifu, karibu sana, akimrushia vumbi kwenye viatu. Chifu akarudi nyuma hatua moja baada ya nyingine mpaka akawa nje ya ua, mahali wanapozikwa wasichana wasio na waume.

Lakini chifu ni chifu. Baada ya mvua ndefu serikali ilimpa nishani kwa mitaro bora kuliko yote milimani, akaivaa barazani. Alisema amri ni ile ile, mwili wa Nyaramba ni wa Nyaramba. Alisema sanda zote zilitumika kama ilivyopangwa, na atakayesema vinginevyo atalala ndani. Alisema kambi itafunguliwa tena pale pale, nyuma ya soko, ugonjwa ukirudi, na mtaro mpya umeshapimwa. Bwana DC, mkuu wa wilaya aliyekaa kando yake, alitikisa kichwa kukubali. Hakuna neno hata moja lililopunguzwa.

Watu walisikiliza. Wanaume walikuwa na udongo mwekundu mpaka viwikoni na wanawake walikuwa wameinua nguo zao zisishike matope. Kila mmoja alikuwa ameacha mbwa wake nyumbani, wengine kushoto kwa nyumba, wengine kulia. Chifu akauliza kama kuna mwenye swali.

Hapakuwa na mwenye swali. Walimwomba tu afupishe, kwa sababu wengine walikuwa wameacha maji motoni, na wageni walishasikika chini ya uwanja wa baraza, wakipita.